Punda wa Mama Mkwe

Ukikaa Mabibo, neno punda unalisikia kutwa nzima, ila punda mwenyewe humwoni. Unalisikia sokoni alfajiri, malori ya ndizi yakishusha mzigo, kijana wa mkokoteni anamfokea mwenzake: "Sukuma basi, punda we!" Unalisikia kwenye daladala kabla hata hujafika Urafiki. Na ukitaka kuvuka barabara unavukia kwenye punda milia, ambaye madereva wa jiji hili wanamheshimu kama wanavyomheshimu yule wa kawaida.

Kwangu neno hilo liliingia ndani siku moja ya Jumamosi. Nilikuwa nimerudi kutoka ofisini na kurasa za kusahihisha kwapani, miguu inawaka moto, nikamkuta mume wangu sebuleni na rafiki zake wanne wanasubiri mpira uanze. Wanasubiri na chakula pia. Hakuwa ameniambia kitu. Nikamvuta jikoni, nikafunga mlango, nikasema kwa ile sauti ya chini ambayo wanandoa wote mnaijua: "Baba, mimi siyo punda wako."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Afadhali umenikumbusha. Mama kapiga simu. Anaomba tumnunulie punda."

Wenzangu, mwiko nilikuwa nao mkononi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mama mkwe wangu anaishi kijijini, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Alikuwa na punda wawili wa kubebea maji. Mmoja akaibiwa usiku, na baada ya siku mbili watu waliokwenda kukata kuni wakamkuta porini amechunwa ngozi, nyama yote ipo. Aliyebaki akaacha kula. Ukimfunga madumu anasimama tu, hatoki uani. Kwa hiyo mama, mwenye miaka sitini na kitu na mgongo unaomsumbua, alikuwa amerudi kubeba ndoo kichwani. Punda mwingine alikuwa anauzwa kama laki tatu na nusu, na sisi tulikuwa tunadunduliza hela ya kiwanja Kibaha.

Nikatoa hoja za kisomi. Tumnunulie tanki. "Tanki litajazwa na nani?" Basi tumlipe kijana wa bodaboda kwa mwezi. "Masika bodaboda haifiki kule." Sasa huyu punda aliyepo si afanye kazi? "Hawezi. Anahitaji mwenzake."

Hapo nilicheka, tena kwa dharau, nakiri. Eti punda anahitaji mwenzake! Tunaishi hatua chache kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba chombo cha usafiri kinaweza kufiwa.

"Wewe punda humjui," akasema mume wangu.

"Simjui? Na Lamu je?"

Fungate letu tulikula Lamu, na ninayo picha mpaka leo kabatini, nimekaa juu ya punda na kofia ya ukili, nacheka kama mtu aliyelipwa. Kama hujafika Lamu, ujue kwamba vichochoro vya Mji Mkongwe ule, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, havina nafasi ya gari. Mchanga, saruji, mawe ya matumbawe, kreti za soda, vyote vinapanda kutoka gatini kwa mgongo wa punda. Ukisikia mtu nyuma yako anapiga kelele upishwe, pisha, maana punda wa Lamu haombi radhi. Na wana hospitali yao pale, kituo kilichofunguliwa mwaka 1987 na shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary, wanatibiwa bure. Nakumbuka nilisimama mlangoni nikamwambia mume wangu huu ni mzaha wa Wazungu. Yeye hakucheka. Wakati ule nilidhani ni uchovu wa safari.

"Wale," akasema sasa, "ulipiga nao picha tu."

Wiki tatu baadaye tukakata tiketi.

Njia ya misafara

Zamani safari ya Dodoma ilikuwa kukesha na kukunja magoti kwenye basi. Siku hizi kuna treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, na kwa watu wenye wikiendi fupi kama sisi ni ukombozi. Kitu ambacho abiria wengi hawakiwazi ni kwamba reli hiyo, ukiacha mwanzo wake, inafuata ukanda uleule wa misafara ya karne ya 19: kutoka pwani, kupitia Ugogo, kwenda Tabora.

Njia ile ilikuwa kaburi la farasi. Mwaka 1871, mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone akiwa na punda zaidi ya ishirini na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Farasi wote wawili walikufa Kingaru, hata nusu ya njia ya Morogoro hawajaimaliza. Punda nao walikufa mmoja mmoja mbele ya safari, lakini angalau walisafiri.

Farasi ana maadui wawili katika nchi hizi. Wa kwanza ni ndorobo, anayeleta nagana. Wa pili ni ugonjwa ambao hata jina umechukua la bara letu, ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na vijidudu vinavyouma usiku, vidogo kuliko mbu. Ukiingia kwenye zizi la farasi ambao hawajachanjwa unaweza kuwaua karibu wote. Punda wa Afrika akiupata, mara nyingi hata homa yenyewe huioni. Ndiyo maana Waethiopia juu kwenye milima yao ya baridi wana farasi wa asili, Walesotho nao wanaye farasi wao mfupi wa milimani, lakini sisi huku kwetu kwenye joto hatuna. Farasi wa Tanzania ni wa polisi, au wa mashamba machache ya huko Arusha na Kilimanjaro ambako watalii hupanda. Wote ukifuatilia ukoo wao, ni wageni.

Punda ni mwenyeji. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya punda zaidi ya 200 kutoka pande nyingi za dunia, pamoja na mifupa ya kale. Wakafikia kwamba punda wote wanatokana na ufugaji ulioanza mara moja tu, kama miaka 7,000 iliyopita, huku kwetu Afrika Mashariki, upande wa Kenya na Pembe ya Afrika. Farasi wa leo walikuja kufugwa muda mrefu baadaye, kwenye nyika za kusini mwa Urusi. Kwa hiyo yule punda unayemwona Ugiriki kwenye kadi za posta, au Mexico kwenye filamu, babu yake alitoka huku.

Nikamgeukia mume wangu nimwambie. Alikuwa amelala, mdomo wazi, sisi tunaingia mahandaki ya Kilosa.

Huyu ni mgeni rasmi

Mama mkwe alitupokea na "Mbukwa!" ya mbali, kabla hatujashuka kwenye bajaji. Nikapiga goti, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mbona umekonda, huko Dar hamli? Tukala ugali wa uwele na mlenda. Kisha akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba.

Punda alikuwa amesimama akiutazama uzio wa miiba, pale palipozibwa kwa matawi mapya. Ndipo mwenzake alipotolewa. Mabua ya mtama yalikuwa chini mbele yake, hayajaguswa. Mbavu zilihesabika. Mama akasema wamekaa pamoja miaka sita, walikuwa wanakunywa maji kwa zamu, mmoja anangoja mwenzake amalize. Nilisoma baadaye kwamba madaktari wa wanyama wanalijua jambo hili: punda hushikamana wawili wawili, na ukiwatenganisha ghafla aliyebaki anaweza kugoma kula mpaka akafa. Siku ile sikuwa nimesoma chochote. Nilisimama tu na aibu ya kile kicheko changu cha jikoni.

Kesho yake tukaenda mnadani.

Mimi nilidhani punda ni punda. Kumbe ni sawa na kusema gari ni gari. Wengi pale walikuwa wale wanaoitwa punda wa Kimasai: wafupi, mgongo unafika kiunoni mwangu, rangi ya kijivu kama majivu ya jikoni, tumbo na pua vyeupe. Ukimtazama kwa juu unaona mstari mweusi umetoka shingoni mpaka mkiani, na mwingine umeukata mabegani. Msalaba kamili. "Huyu ndiye alimbeba Bwana Yesu kuingia Yerusalemu," akasema mama, "akaachiwa alama." Wataalamu wana maelezo mengine, kwamba alama hiyo ni ya punda mwitu wa Nubia. Yule mwitu wa Usomali aghalabu hana msalaba, yeye ana miguu yenye michirizi kama amevaa soksi za punda milia. Pale mnadani niliwaona wenye msalaba, wenye soksi, na wawili waliokuwa na vyote. Kulikuwa na wa kahawia pia, na mmoja mweusi ti.

Mwanamke mmoja wa Kimasai alikuwa na watatu wa kuuza. Kwa Wamasai kazi ya punda ni ya wanawake. Mifugo mingine ina wenyewe, lakini siku ya kuhama, nyumba na watoto na vibuyu vinapanda kwenye punda wa mama. Wake walikuwa na sikio lililokatwa pembe, alama ya mwenyewe.

Halafu nikamwona yule mweupe.

Jamani. Alikuwa mrefu, masikio yamesimama, shingo imeinuka kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha. Muuzaji alisema ni wa Kiarabu, ukoo wake umetoka Tabora. Huenda alikuwa anapandisha bei tu, lakini hadithi yake ina mizizi. Waarabu wa Oman waliwaleta Zanzibar punda wakubwa weupe kutoka Maskati, na ndio waliopandwa na matajiri wa mjini, wametandikwa vizuri. Wafanyabiashara wakawapeleka mpaka Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, wakazaliana na wa huko. Punda wa mizigo alikuwa na jina lake kwa Kiswahili cha zamani, kihongwe, neno ambalo nadhani vijana wa Mabibo wangelidhania ni jina la timu. Kwa hiyo tofauti haikuwa ya rangi na kimo peke yake. Mmoja ni wa kumpanda mtu anayetaka kuonekana, mwingine ni wa kubeba kitu kinachotakiwa kufika.

"Mama, huyu!" nikasema.

Mama mkwe akamzunguka mara moja, hata hakumgusa. "Huyu mgeni rasmi," akasema. "Atataka kula vizuri, atataka maji mengi, na kiangazi cha huku hakijui." Kisha akarudi kwa wale wafupi wa kijivu. Punda mdogo anashiba mabua makavu na nyasi za kando ya njia, anavumilia kiu, na dumu unampandisha mwenyewe bila kuomba msaada wa mwanaume. Akamwinua mmoja mguu akatazama kwato. Akafunua midomo, akasoma meno. Akapitisha kiganja mgongoni kutafuta makovu ya mizigo mibaya. Akamwendea jike mmoja mwenye sikio lililokatwa, akaweka mkono tumboni, akakaa kimya. Halafu ghafla akaanza kulalamika: huyu mbona mzee, mbona anaonekana kachoka, laki tatu na nusu ya nini? Waliongea robo saa. Akamchukua kwa laki tatu.

Mimi nilikuwa bado namtazama yule mweupe.

Njiani kurudi tukafika kwenye korongo kavu la mchanga, yule jike akasimama. Mume wangu akavuta kamba. Wapi! Nikasema kumbe kweli punda mkaidi. Mama akasema tumwache atazame. Na kweli, akatazama, akanusa, baada ya dakika kama tano akavuka mwenyewe. Hapo ndipo farasi na punda wanapoachana hasa. Farasi akiogopa anakimbia, kwa sababu ukoo wake ni wa nyika pana na kundi kubwa. Punda wa jangwani akikimbia ovyo anavunjika mguu kwenye mawe, kwa hiyo akiogopa anasimama afikiri. Sisi tunaita ukaidi.

Nikamuuliza mama kama haogopi na huyu ataibiwa. Akasema anaogopa. Wanaoiba hawataki nyama. Ngozi ya punda inachemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya Kichina inayouzwa ghali kwa ajili ya damu na urembo, na punda wa China wenyewe hawatoshi. Viwanda vya kuchinja vilifunguliwa Kenya, na hapa kwetu Dodoma na Shinyanga. Hesabu yake haikubali: punda anabeba mimba kama mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja, na mtoto huyo unamngoja kama miaka mitatu kabla ya kumbebesha mzigo wa maana. Ngozi inachunwa kwa dakika chache. Desemba 2022 ulifanyika mkutano wa Afrika nzima kuhusu punda, tena hapahapa Dar es Salaam, na Tanzania ikapiga marufuku uchinjaji huo. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana vivyo hivyo kwa bara zima. Nadhani wezi wa Chamwino hawakuletewa nakala. Mama sasa anawalaza ndani ya uzio wa pili, mlango wake unatazama dirisha la chumba chake.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa mateke. Yule wa nyumbani hakumtaka mgeni hata kidogo. Tulisikia vishindo mpaka saa nane. Tulikuwa tumelala kwenye kile chumba alichokulia mume wangu, tunatazama bati gizani, ndipo akaanza kuongea bila kuulizwa. Akasema mama yake alinunua punda wa kwanza kwa hela ya karanga, yeye akiwa darasa la nne. Kisima kilikuwa mbali, na kwa kuwa ndiye mkubwa, alikuwa anachota kabla ya kwenda shule, anafika mwalimu ameshaita majina, anachapwa. "Kabla ya punda," akasema, "punda nilikuwa mimi."

Miaka minane ya ndoa, sikuwahi kulisikia hilo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile jikoni. Akasema kulikuwa na wageni.

"Wageni uliowaalika bila kuniambia," nikasema. Sikuwa nimelisahau.

"Ndiyo," akasema. "Hao." Na vishindo vikaendelea nje.

Tuliondoka Jumapili mchana. Mabua yalikuwa yamepungua kidogo, lakini kila mmoja alikuwa amesimama kona yake. Mume wangu alinyamaza mpaka Morogoro.

Simu ilikuja wiki mbili baadaye, Jumamosi tena, saa za mpira tena. Safari hii rafiki wawili, nimeambiwa tangu Jumatano, na vitunguu alikuwa anakata mwenye wageni wake. Akaweka simu kwenye spika. Mama akasema wanaenda kisimani pamoja sasa, na wanakunywa kwa zamu. Ila yule mpya mzigo wake ameupunguza, anambebesha nusu tu.

"Kwa nini mama, anaumwa?" nikauliza, nikifikiria laki tatu zetu.

"Ana mimba, mwanangu. Kubwa tu."

Mume wangu akaacha kisu. Akasema yule muuzaji ametuibia, angesema mapema tungechukua mwingine. Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Tumbo nililiona mimi," akasema. "Muuzaji ndiye hakuliona."